Fundi ametoa themostati, na kwenye foleni gari bado linachemsha

*"Habari mtaalamu. Nina Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A, otomatiki. Miezi mitatu iliyopita lilianza kupandisha joto nikiwa kwenye foleni ya Mbagala, lakini barabara ikifunguka mshale unashuka wenyewe. Fundi akatoa themostati, akaniambia ni kifaa cha nchi za baridi na huku kwetu hakina kazi. Tangu hapo nikiwa barabara kuu mshale unakaa chini kabisa, asubuhi gari ni zito na linakula mafuta kuliko zamani, na kwenye foleni bado unapanda karibu na alama nyekundu. Fundi wa pili anataka kuunga feni moja kwa moja ili izunguke muda wote. Kwenye rejeta naongeza maji ya kisima karibu kila wiki. Nimruhusu aunge feni? Na kuna ninachoweza kufanya mwenyewe nyumbani kabla ya kutoa hela tena?"*

Usimruhusu aunge feni bado. Gari lako sasa lina matatizo matatu yaliyopandana. Kuna lile la kwanza, la kuchemsha kwenye foleni, ambalo hakuna aliyeligusa. Kuna la pili, lililoletwa na kutolewa kwa themostati. Na kuna la tatu ambalo umelitaja kwa kupita tu, kumbe ndilo linalonitia wasiwasi zaidi: maji unayoongeza kila wiki. Mfumo wa maji wa gari umefungwa. Gari zima linaweza kukaa miezi bila kuhitaji hata kikombe kimoja. Kama yanapungua kila wiki, kuna mahali yanakwenda, na lazima pajulikane.

Tuanze na themostati, ule mlango wa maji kati ya injini na rejeta, kwa sababu maneno aliyokuambia fundi nayasikia kila mahali na si ya kweli. Corolla zilizouzwa Muscat na Dubai, ambako kiangazi hupita nyuzi 45, zilitoka kiwandani na themostati. Kazi yake ni kulinda joto la injini lisishuke chini ya kiwango ambacho injini ilitengenezwa kufanyia kazi. Joto la hewa ya nje si hoja kubwa. Hata Dar es Salaam mchana wa Februari, hewa ya nyuzi 34 ni baridi sana ukilinganisha na injini inayotaka maji ya nyuzi 80 na kitu.

Ndani ya themostati kuna kikopo kidogo cha shaba kilichojaa nta. Nta ikipata moto inayeyuka, inatanuka na kusukuma pini, na mlango unafunguka. Ya injini yako huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na ikifika 95 inakuwa imefunguka milimita 8 au zaidi. Kabla haijafunguka, maji huzunguka ndani ya injini tu kupitia njia fupi, bila kufika kwenye rejeta, ili injini ipate moto haraka.

Na hapa ndipo wengi hawajui. Kwenye Toyota nyingi za aina hii, themostati ina milango miwili. Ule wa juu unafungua njia ya rejeta. Chini yake kuna kisahani kingine ambacho, wa juu unapofunguka, kinashuka na kuziba ile njia fupi. Ukiitoa themostati nzima, unakuwa umefungua njia ya rejeta na wakati huohuo umeiacha njia fupi wazi siku zote. Maji hufuata njia nyepesi, kwa hiyo sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Barabara kuu, upepo ukiwa mwingi na rejeta ikipoza kupita kiasi, huoni shida zaidi ya mshale kulala chini. Kwenye foleni, pale unapohitaji kila tone lipite kwenye rejeta, unakuta baadhi halipiti. Ndiyo maana kutoa themostati kunaweza hata kuongeza kuchemsha.

Ulaji wa mafuta unatoka hapohapo. Kompyuta ya injini inasoma joto la maji kupitia sensa. Ikiona maji ni ya baridi inadhani ndiyo kwanza umewasha gari, inaongeza petroli. Petroli inayozidi inateleza kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili, oili inakuwa nyepesi. Gia boksi ya otomatiki nayo mara nyingi huzuiwa kuingia gia ya mwisho mpaka injini ipate joto, na huo ndio uzito unaousikia asubuhi. Rudisha themostati. Nunua ya nyuzi 82, namba imepigwa kwenye chuma chenyewe, pamoja na mpira wake wa duara.

Sasa turudi kwenye tatizo la kwanza. Wewe mwenyewe umelieleza vizuri kuliko mafundi wote wawili: foleni linapanda, barabara ikifunguka linashuka. Gari linalochemsha likiwa limesimama na kupoa likitembea limekosa upepo. Likitembea, upepo unaingia wenyewe mbele; likisimama, upepo wote ni wa feni. Lingekuwa linachemsha kwenye mwendo mkali au kupanda mlima kama Kitonga, huku mjini likitulia, ningefikiria rejeta iliyoziba ndani, pampu ya maji iliyochoka, au mpira wa chini wa rejeta unaobonyea ukifyonzwa. Kwako, feni ndiyo mshukiwa wa kwanza, na kuikagua hakuhitaji hela.

Fungua boneti injini ikiwa ya baridi. Washa swichi mpaka taa za dashibodi ziwake, injini usiiwashe. AC iwe imezimwa. Tafuta swichi ya joto ya feni: ni kitu kama bolti nene chenye soketi ndogo, kimefungwa ama upande wa chini wa rejeta ama kwenye nyumba ya maji ubavuni mwa injini. Chomoa soketi yake. Kwenye Corolla nyingi za miaka ya 90, feni inatakiwa kuzunguka papo hapo. Mfumo huu umepangwa hivi kwa makusudi: maji yakiwa ya baridi swichi inaunganisha umeme wa rilei (kiswichi cha umeme kinachotawala feni), rilei inaikatia feni nayo inatulia; yakikaribia nyuzi 93 swichi inakata, rilei inaachia na feni inaanza. Faida yake ni kwamba hata waya ukikatika njiani, feni inazunguka badala ya kulala. Weka vidole na nguo mbali kabla hujachomoa, maana inaanza bila hodi.

Ikizunguka, basi mota, fyuzi na rilei ni wazima, na kosa liko kwenye swichi au kwenye maji yenyewe. Nasema maji kwa sababu yakipungua, swichi inabaki kwenye mvuke badala ya maji, na haikati kwa wakati. Ukijaza maji vizuri na bado feni haiji, badilisha swichi.

Isipozunguka, angalia fyuzi ya feni kwenye boksi lililo ndani ya boneti, halafu rilei. Onyo hapa: kwenye gari hizi rilei kuu ya feni mara nyingi si sawa na ya honi, kwa ndani inafanya kazi kinyume. Ule ujanja wa kuazima rilei ya jirani utakudanganya, kwa hiyo tumia yenye namba ileile. Vyote vikiwa vizima, chomoa soketi ya mota na uipe umeme wa betri kwa waya mbili, wa chanya ukiwa na fyuzi. Ikigoma, igonge taratibu mgongoni kwa mpini wa bisibisi. Ikizunguka baada ya kugongwa, kaboni zake zimekwisha na siku zake zimehesabika.

Kuna jaribio moja dogo ambalo wengi hulisahau. Feni ikizunguka, chukua karatasi uiweke mbele ya rejeta, upande wa taa. Inatakiwa ivutwe na kubaki imenata. Ikisukumwa na kuanguka, feni inazunguka kinyume: mtu amewahi kugeuza waya, na upepo wake unapigana na upepo wa barabarani. Wakati uko hapo, chungulia kati ya kondensa ya AC (ile inayofanana na rejeta, iliyo mbele yake) na rejeta. Magari ya umri huu hubeba humo majani, mifuko, mbawa za wadudu na vumbi lililoganda na oili. Piga maji ya bomba kutoka upande wa injini kuelekea mbele, kwa nguvu ya wastani. Mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi ya rejeta, na yakilala upepo haupiti tena.

Kuhusu kuunga feni moja kwa moja: si kosa la kuua injini. Themostati ikiwepo, injini itapata joto lake hata feni ikizunguka muda wote. Lakini mota ya feni si ya kufanya kazi bila kupumzika, itachoka mapema, na ikifa kwenye foleni hutajua mpaka mshale ukuambie. Ninachokiogopa zaidi ni namna inavyofanywa: waya mwembamba uliofungwa na selotepu, hauna fyuzi wala rilei, unapita karibu na ekzosi. Magari yanaungua hivyo. Kama umekwama safarini na hakuna swichi ya kununua, kule kuchomoa soketi ya swichi kunakupa feni ya muda wote bila kukata waya hata mmoja, hadi ufike. Zingira ile soketi na mfuko mkavu isiingie maji.

Maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi ikipata moto inafanya lile koko jeupe unaloliona ndani ya birika. Koko hilo linaganda ndani ya mirija ya rejeta na kuzunguka silinda, na chumvi yenyewe inakula alumini ya hedi na nyumba ya pampu. Kila unapoongeza unaleta chumvi mpya. Tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke, yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri. Uliza vizuri dukani usipewe asidi, maana chupa zinafanana.

Ongeza kulanti, lakini kwa sababu sahihi. Watu hudhani kulanti inapoza kuliko maji. Haipozi. Maji matupu hubeba joto vizuri kuliko mchanganyiko wowote. Kazi ya kulanti ni kuzuia kutu, kulainisha sili ya pampu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Nusu kulanti nusu maji inatosha; theluthi moja ya kulanti pia inakubalika kwa hali ya hewa yetu. Rangi si kipimo cha chochote, kila kampuni huchagua yake, kwa hiyo usichanganye aina mbili kwa kuangalia rangi. Na sokoni kuna maji ya rangi yanayouzwa kama kulanti. Ukitaka kuyafichua, weka kidogo kwenye kifuniko cha chupa ndani ya friza usiku kucha. Kulanti ya nusu kwa nusu haigandi kwenye friza ya nyumbani. Ikiganda kuwa barafu ngumu, umenunua maji. Kifuniko hicho kitupe baadaye, na kulanti iweke mbali na watoto na wanyama: ina ladha tamu na ni sumu.

Kabla ya kufunga themostati mpya, ijaribu. Chukua sufuria ambayo hampikii tena, tia maji na kipimajoto. Fungua mlango wa themostati kidogo kwa kucha na kibanio, pitisha uzi, uachie mlango uubane uzi, kisha ining'inize ndani ya maji isiguse chini. Washa jiko. Nta ikianza kusukuma, uzi unaachia na themostati inadondoka. Soma kipimajoto papo hapo. Ikiwa ni kati ya 80 na 84, ni nzima. Nyingine za bei rahisi hudondoka kwenye 90, na nyingine hazidondoki kabisa mpaka maji yachemke. Hizo zirudishe dukani zikiwa bado na boksi lake.

Kufunga ni kazi ya saa moja au mbili. Injini iwe baridi kabisa, ya kulala usiku. Weka beseni, legeza kizibo cha chini cha rejeta kwa mkono (ni cha plastiki na kwa umri huu koleo litakivunja), fungua kifuniko cha juu. Ukiona yanatoka ya rangi ya kutu, jaza maji safi, washa injini dakika chache, iache ipoe, mwaga, urudie mpaka yatoke meupe. Soda kostiki usiitie, inakula alumini. Yai, manjano na dawa za kuziba rejeta achana nazo pia, zinaziba penye tundu na pasipo na tundu.

Fuata mpira mnene wa chini wa rejeta hadi unapoingia kwenye injini; kwa injini hii themostati inakaa upande huo. Fungua nati za spana namba 10, toa kifuniko chake, safisha pande zote mbili bila kukwaruza alumini. Mpira wa duara unavalishwa kuzunguka ukingo wa themostati. Sehemu yenye springi inaingia upande wa injini. Ukingoni kuna kitundu chenye pini inayochezacheza: hicho kikae juu, kwa sababu ndiko hewa inakotokea. Ukikiweka chini, hewa inabaki ndani na siku ya kwanza gari litachemsha tena, na themostati mpya italaumiwa bure. Silikoni haihitajiki. Kaza nati kwa zamu na kwa nguvu ya mkono wa kawaida, ni ndogo na hukatika.

Sukuma kidhibiti cha hita hadi kwenye moto kabisa. Jaza taratibu sana, huku ukibonyeza mpira wa juu wa rejeta kwa mkono ili mapovu yatoke. Injini yako inabeba kati ya lita 5 na 6. Kama zimeingia lita 3 na rejeta inaonekana imejaa, ndani kuna hewa. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, ongeza kadiri maji yanavyoshuka, yakianza kupanda funika. Subiri. Mpira wa chini utakaa baridi kwa muda, halafu ghafla utapata moto: themostati imefunguka. Subiri tena mpaka feni ije yenyewe na kuzima yenyewe mara mbili. Kesho yake asubuhi angalia upya na ujaze chupa ya akiba hadi kati ya alama mbili.

Kifuniko cha rejeta ndicho spea ya bei ndogo kuliko zote na ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote. Kinabana maji kwa shinikizo, na cha Corolla yako kimeandikwa 0.9. Kwa shinikizo hilo maji ya Dar huchemka karibu na nyuzi 118 badala ya 100. Mpira wake ukichanika, maji yanachemka mapema, yanatoka kupitia chupa ya akiba, na asubuhi unakuta rejeta imepungua huku chini hakuna hata tone. Kwa walioko Nairobi au Mbeya ni muhimu zaidi, kwani huko juu maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 tu. Badilisha kifuniko hata kama hujaona kosa, ila usiweke cha namba kubwa zaidi ukidhani unaongeza nguvu. Matanki ya plastiki ya rejeta ya miaka 25 yatapasuka.

Baada ya kifuniko kipya, kama maji bado yanapungua, tandika boksi safi chini ya injini usiku ukiangalia maungio ya mipira, ukingo wa tanki za rejeta na chini ya pampu ya maji. Pampu ina kitundu kidogo; kikiacha mchirizi wa rangi, sili yake imekwisha. Gusa pia zulia la mbele upande wa abiria. Likiwa na unyevunyevu wenye harufu tamu, rejeta ndogo ya hita inavuja.

Na kama hakuna kinachovuja nje, maji yanaingia ndani. Hapo ndipo kazi ya nyumbani inaisha. Nenda kwa fundi mwenye kipimo cha shinikizo la mfumo wa maji na dawa ya kupima hewa chafu kwenye rejeta ukiona mojawapo ya haya: mapovu yanayopanda bila kukoma kifuniko kikiwa wazi, mpira wa juu unaokuwa mgumu dakika moja tu baada ya kuwasha injini ya baridi, moshi mweupe mzito wenye harufu tamu ambao hauishi gari likipata moto, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti. Hizo ni dalili za gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, kuungua. Gari lililokaribia alama nyekundu mara nyingi kwa miezi mitatu linaweza kuwa limefika huko, siwezi kukuahidi kwamba halijafika.

Fundi akithibitisha, usikubali abadilishe gasketi peke yake. Hedi ipelekwe kwenye mashine, ipimwe kwa rula iliyonyooka na ipimwe ufa kwa shinikizo. Kupinda kunakoruhusiwa kunahesabiwa kwa sehemu za mia za milimita, jicho halioni. Mwombe awepo mtu wako wakati wa kupima.

Hadi hapo, mshale ukivuka nusu kwenye foleni zima AC, fungua hita hadi mwisho na feni yake hadi mwisho, vumilia joto. Ukiendelea kupanda, paki na uzime. Mshale wa gari hili hukaa katikati kwa nyuzi nyingi, ukianza kusogea tayari ni moto kweli. Na ukipanda kisha ukaanguka ghafla hadi chini wakati gari linatoa mvuke, usishangilie: sensa imebaki hewani, maji yameisha. Kifuniko usikiguse kwa muda usiopungua nusu saa, na maji ya baridi usiyamwage kwenye injini hata wapita njia wakikushauri.